Mwamba nao hufunga

Jumapili hii nakualika tutafakari neno moja tulilolizoea mno hata hatulisikii tena vizuri: kufunga.

Tunafunga mlango, tunafunga safari, tunafunga ndoa, tunafunga hesabu za mwaka. Kanisani tunafunga na kuomba. Wengine hufunga siku arobaini za Kwaresima, wengine siku tatu kavu bila maji, wengine kila Jumatano hadi jioni. Lakini wapo ndugu zetu wa pwani wenye kufunga kwingine. Wao hufunga mwamba wa bahari. Wanakubaliana kijiji kizima kwamba kuanzia siku fulani hakuna atakayetia mguu wala mkuki wake pale. Miezi inapita. Kisha siku iliyopangwa inafika, wanafungua, kama mtu anavyofungua baada ya swaumu yake.

Somo letu la leo ni Kutoka 23:10-11. Pale Mungu anawaagiza Waisraeli walime na kuvuna miaka sita, na mwaka wa saba waiache ardhi ipumzike. Sababu iliyotajwa haihusu rutuba ya udongo. Ni ili maskini wa watu wapate kula, na watakachobakiza wale wanyama wa porini. Liweke hilo moyoni, maana tutalirudia.

Kisiwa mbele ya bandari

Ukisafiri kwa boti kutoka Unguja hadi bandari ya Mkoani, kusini mwa Pemba, utaviona visiwa vidogo vimetangulia kukupokea. Kimojawapo ni Makoongwe. Ni kisiwa kinachokaliwa na watu, kimo katika Wilaya ya Mkoani, Mkoa wa Kusini Pemba. Mtu wa huko akiugua zaidi ya uwezo wa kisiwani, njia yake ya kwenda Hospitali ya Abdalla Mzee ni maji. Akitaka soko, ni maji. Na akitaka kitoweo na fedha ya ada ya mtoto, anayageukia maji hayo hayo.

Bahari inayozunguka kisiwa hicho imo ndani ya Hifadhi ya Mkondo wa Pemba, ambayo wengi huiita PECCA, iliyotangazwa mwaka 2005. Inachukua upande wote wa magharibi wa Pemba, takriban kilomita za mraba 1,000. Usidhani kuwa hifadhi hii imefukuza watu. Wavuvi wamo, wanavua, na sehemu ya usimamizi iko mikononi mwao kupitia kamati za wavuvi za shehia. Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar ya mwaka 2010 nayo inatambua kwamba serikali peke yake haiwezi kuilinda bahari. Mkaguzi mmoja mwenye boti moja na mafuta ya kupimiwa hawezi kuuona kila mwamba usiku. Anayeuona ni mwenyeji.

Jirani wa Makoongwe, upande huo huo wa kusini magharibi, ni Kisiwa Panza. Huko, katikati ya miaka ya 2010, wanakijiji walikuwa miongoni mwa wa kwanza Zanzibar kujaribu kufunga mwamba kwa ajili ya pweza, wakisaidiwa na asasi ya Mwambao Coastal Community Network. Baadaye vijiji vingine vya Pemba na Unguja vilifuata.

Kwa nini pweza? Hapo ndipo Muumba wetu alipoweka somo.

Mama asiyekula

Pweza wa miamba yetu ana maisha mafupi. Kwa kawaida hafikishi miaka miwili, na wengi huishi mwaka mmoja na kidogo. Lakini katika muda huo mfupi hukua kwa kasi ya ajabu. Akiwa mdogo anaweza kuongeza uzito wake maradufu ndani ya mwezi mmoja. Kwa hiyo pweza wa robo kilo aliyetolewa leo shimoni, kama angeachwa wiki chache, angekuwa kitoweo cha nyumba nzima, na sehemu ingebaki ya kuuza.

Jike hutaga mara moja tu maishani. Huingia shimoni, hutundika mayai yake maelfu kwa maelfu kama vishada juu ya paa la mwamba, kisha hukaa kuyalinda. Huyapulizia maji yasishikwe na uchafu. Huwafukuza samaki wanaoyanyemelea. Na wakati wote huo hali. Anakonda, anapauka, nguvu zinamwisha. Mayai yanapoanguliwa na watoto kutawanyika baharini, naye anakufa.

Sitaki kumfanya pweza kuwa mtakatifu. Yeye hufanya alivyoumbwa kufanya. Lakini fikiri kidogo. Mtu akifika na mchokoo wake siku hizo, akamtoa mama huyo shimoni, hajachukua pweza mmoja. Amechukua pweza aliyekonda, asiye na uzito wala bei, na pamoja naye amepoteza kizazi kizima kilichokuwa kinaning'inia juu ya kichwa chake. Mtego wa umaskini ndivyo ulivyo: unakula kidogo leo kwa gharama kubwa ya kesho, na wala hujui kuwa umelipa.

Torati ililiona jambo hili. Katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7 Mungu anazungumzia mtu anayekuta kiota cha ndege njiani, mama amelalia mayai au makinda. Anakatazwa kumchukua mama pamoja na watoto. Amwache mama aende. Na ahadi iliyoambatanishwa na amri hiyo ndogo ni kubwa: upate heri na siku zako ziwe nyingi. Ahadi kama hiyo imetolewa pia katika amri ya kuwaheshimu baba na mama. Je, umewahi kusikia hubiri juu ya kiota cha ndege? Wengi wetu hatujawahi, lakini limo katika Biblia ile ile tunayobeba kila Jumapili.

Miezi mitatu ya subira

Sasa tuone jinsi mwamba unavyofungwa, maana wengi hudhani ni jambo la kuweka bango na kuondoka.

Kwanza watu wanaketi. Kamati ya wavuvi, sheha, wazee, wanaume wapiga mbizi, wanawake wanaochokoa pweza kwa miguu maji yakipwa, wachuuzi wanaosubiri dikoni. Wanajadili ni sehemu gani ya mwamba ifungwe. Haufungwi wote, kwa sababu watu lazima waendelee kula. Wanajadili tarehe, na mara nyingi muda ni kama miezi mitatu. Wanakubaliana adhabu ya mvunjaji. Wanaweka maboya ya mpaka, wanapanga zamu za doria, nani atatoa chombo na nani atatoa mafuta. Kisha wanatangaza ili hata wageni kutoka vijiji vya mbali wasije wakasema hawakujua.

Halafu wanangoja. Wazee walisema kilicho baharini kakingoje ufukoni. Methali hii hapa ina maana nzito, kwa sababu anayengoja anaona. Maji yakipwa wakati wa bamvua, mwamba uliofungwa unaanikwa mbele ya macho yake. Anajua mashimo yake kwa majina karibu. Anajua pweza wamo. Na nyumbani chungu kinasubiri.

Mfano unaojulikana zaidi ulianzia Madagaska, kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa kisiwa hicho, mwaka 2004. Wavuvi wa kabila la Vezo walifunga sehemu moja ya mwamba, na walipofungua wakakuta pweza wakubwa kuliko waliozoea. Habari zikaenea kijiji hadi kijiji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulichunguza ufungaji wa aina hiyo mara 36 kati ya mwaka 2004 na 2011. Ulionyesha kwamba katika mwezi wa kwanza baada ya kufungua, mvuvi mmoja alipata kwa siku asilimia 87 zaidi ya alichokuwa akipata kabla. Kwa maneno mengine, karibu mara mbili.

Ukisikia hivyo unaweza kusema, kumbe ni rahisi. Funga, ngoja, vuna. Lakini mpendwa, kama kufunga kungekuwa rahisi, Bwana wetu asingejaribiwa katika siku zake arobaini. Mjaribu alimjia akiwa na njaa, na akaanza na habari ya mkate (Mathayo 4:2-3).

Njaa ya nani?

Nabii Isaya, sura ya 58, anakutana na watu wanaofunga sana. Wanainamisha vichwa kama unyasi. Wanavaa magunia. Na wanamlalamikia Mungu kwamba hawaoni matokeo. Jibu linalowajia ni kali: siku mnayofunga ndiyo siku mnayowakandamiza wafanyakazi wenu. Njaa ni yenu, lakini mzigo mmewatwika wengine. Kisha nabii anaeleza saumu inayompendeza Mungu: kumfungua aliyefungwa, kumgawia mwenye njaa chakula chako, kutojificha mbele ya mtu wa damu yako.

Nenda na sura hiyo hadi ufukoni, uulize: mwamba ukifungwa, nani anayefunga kweli?

Mwanaume mwenye chombo na mashine anaweza kwenda mwamba mwingine wa mbali. Kijana mpiga mbizi mwenye miwani na mapezi anaweza kuhamia maji ya kina. Lakini mwanamke mjane anayetembea kwa miguu hawezi kuvuka bahari. Eneo lake ni lile linaloanikwa maji yakitoka. Likifungwa hilo, yeye ndiye amefungishwa. Wengine wamefungua mlango mwingine, yeye amebaki na swaumu ya kijiji kizima tumboni mwake.

Na siku ya kufungua ikifika? Imeonekana katika sehemu nyingi za pwani ya Bahari ya Hindi: siku hiyo huwa kama mnada. Vyombo vinatoka mbali, watu ambao hawakufanya doria hata usiku mmoja wanakuja na mikuki. Ndani ya siku chache pweza wakubwa wamekwisha, wamepimwa, wamepakiwa kwenye barafu, wamekwenda. Mwanamke aliyengoja miezi mitatu anafika na kijiti chake na kukuta mashimo matupu. Huyo amefunga kwa ajili ya futari ya watu wengine.

Hapa ndipo nakuomba urudi kwenye Kutoka 23. Mungu hakusema ardhi ipumzike ili mwenye shamba apate mavuno makubwa zaidi. Alisema maskini wale. Mapumziko ya ardhi yaliwekwa kwa ajili ya mtu asiye na shamba. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kuhusu mpango wowote wa kulinda bahari, msitu, au mto ni hili: mnyonge atakula nini mwezi wa pili, na siku ya mavuno atapata zamu yake kabla au baada ya mwenye nguvu?

Kijiji chenye hekima hupanga. Kinaweza kuchagua eneo la kufunga ambalo halimnyimi mwanamke sehemu yake yote. Kinaweza kutenga saa za kwanza za siku ya kufungua kwa ajili ya wanaochokoa kwa miguu. Kinaweza kuweka ushuru kidogo kwa kila kilo siku hiyo, fedha ikaingia kwenye mfuko wa doria na wa wahitaji. Kinaweza kuhakikisha wanawake wamo ndani ya kamati na wanasema, badala ya kupika chai ya mkutano. Hayo yote yanawezekana. Lakini hayatokei yenyewe, na mtaalamu wa uvuvi hawezi kuyaleta ndani ya begi lake. Yanatoka katika mioyo ya watu wanaokubali kwamba jirani ni jirani.

Angalia pia Luka 5. Petro na wenzake walikesha bila kupata kitu. Kwa neno la Yesu wakatupa nyavu, zikajaa hadi zikataka kukatika. Walifanya nini? Mstari wa 7 unatueleza: waliwapungia mikono washirika wao katika chombo cha pili, waje wawasaidie. Vyombo vyote viwili vikajaa. Muujiza ule ulimwagikia chombo cha jirani. Siku ya kufungua mwamba inatakiwa kufanana na siku hiyo.

Usiku wa bamvua

Kuna hatari nyingine, nayo ina sura ya mtu tunayemfahamu.

Fikiri ni mwezi wa pili wa kufunga. Usiku, maji yamekupwa. Taa moja inaonekana juu ya mwamba uliofungwa. Wanaofanya zamu wanaiona. Wanakaribia, wanamtambua. Ni shemeji wa mmoja wao. Sasa watafanya nini?

Wakimwacha, kesho zitakuwa taa tatu. Keshokutwa hakuna aliyefunga tena, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa mjinga peke yake. Mapatano ya aina hii huvunjwa na mtu mmoja tu, kisha wengine wote wana kisingizio. Ndiyo maana katika Yoshua sura ya 7 tunakuta kisa cha Akani, mtu mmoja aliyechukua vitu vilivyokatazwa na kuvificha chini ya hema lake. Vita vilishindwa na taifa zima likaugua kwa sababu ya shimo moja ndani ya hema moja. Tunapenda kusema dhambi ni siri yangu na Mungu wangu. Bahari inakataa. Pweza aliyeibwa usiku ameibwa kwa kila mtu aliyelala na njaa yake akiheshimu mapatano.

Lakini kabla hatujachukua mawe, tusome pia Mithali 6:30-31. Maandiko yanakiri kwamba mwizi aibaye kwa sababu ya njaa hadharauliwi na watu, ijapokuwa akikamatwa lazima alipe. Hapo kuna mizani mbili. Kanuni ibaki kanuni, na alipe. Lakini kijiji kijiulize kwa nini mtu huyo alikuwa na njaa na hakuna aliyejua. Kama mfuko wa wahitaji ungekuwepo, kama jirani angebisha hodi na kibaba cha unga, pengine taa ile isingewaka. Mvunjaji mwenye chombo kikubwa na friji ya barafu ni kesi moja. Baba wa watoto watano aliyeshindwa kuvumilia ni kesi nyingine. Kamati inayowahukumu sawasawa bila kuuliza haijatenda haki, na kamati inayomwadhibu maskini huku ikimfumbia macho tajiri imetenda jambo baya kuliko wizi wenyewe.

Vipi kuhusu yule shemeji? Upendo wa kweli unamrudisha ufukoni usiku ule ule, na kesho yake unamsindikiza mbele ya wazee. Kumfichia ni kumwibia mjane ili umstahi ndugu.

Jirani zetu wametufundisha

Mpendwa msomaji, watu wa Makoongwe, Kisiwa Panza na Pemba kwa ujumla kwa sehemu kubwa sana ni Waislamu. Wakristo Pemba ni wachache. Nalisema wazi kwa sababu baadhi yetu tuna tabia ya kudhani kwamba somo zuri lazima litoke kwa mtu wa dhehebu letu. Bwana Yesu hakuwa na tabia hiyo. Alipotaka kumfundisha mwanasheria maana ya jirani, alimtumia Msamaria (Luka 10:25-37).

Magharibi mwa Pemba kipo kisiwa cha Misali. Wazee husimulia kwamba mtu wa Mungu aitwaye Hadhara alifika pale akaomba msala wa kusalia, akakosa, akasema basi kisiwa hiki kitakuwa kama msala wangu. Ndipo jina lilipotoka. Katika miaka ya 1990 kulikuwa na mpango wa kukikodisha kisiwa hicho kwa mwekezaji wa hoteli. Wavuvi walisimama wakasema hapana, maana pale ndipo wanapopiga dago na kupata riziki. Mwaka 1998 kikatangazwa kuwa eneo la hifadhi, na wavuvi wakaunda chama chao cha kushiriki kulisimamia.

Kisha wakagundua jambo ambalo kila mchungaji analijua. Watu wengine hawasikii katazo la serikali, lakini wanasikia neno la imani yao. Shirika la CARE pamoja na taasisi ya Kiislamu ya mazingira iitwayo IFEES walikaa na masheikh na walimu wa madrasa. Wakafundisha misikitini kwamba binadamu amewekwa duniani kuwa mwangalizi, kwamba viumbe vimeumbwa kwa mizani, kwamba kuvua kwa baruti ni kuharibu amana ya Mwenyezi Mungu. Hawakuleta dini mpya. Walifungua kitabu walichokuwa nacho tayari.

Sasa sisi nasi tufungue chetu. Mwanzo 2:15 inasema mtu aliwekwa bustanini kwa kazi mbili: ailime na aitunze. Sisi tumeishika kazi ya kwanza kwa mikono miwili. Tumelima hadi kingo za mto, tumevua hadi vifaranga, tumekata hadi mikoko. Ile kazi ya pili tumeiachia serikali na wafadhili. Zaburi 24:1 inasema nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana. Kama ni mali yake, basi mvuvi, mkulima na mfugaji ni wapangaji, na mpangaji haruhusiwi kubomoa ukuta ili apate kuni.

Na wewe uliye mbali na bahari

Labda unasoma haya ukiwa Kigoma, Mbeya, Singida au Dar es Salaam, na unasema pweza hanihusu.

Ndugu wa Kigoma, Katavi na Rukwa mnaelewa zaidi ya wengi. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wetu zilisimamishwa, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa, ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu, kama mwamba wa Pemba. Mnajua maana ya dagaa kuadimika sokoni. Mnajua ni nani walikuwa na akiba na ni nani hawakuwa nayo. Je, kanisa lako lilifanya nini katika miezi hiyo? Sadaka ya wahitaji ilifika kwa mchukuzi wa mwaloni na kwa mama anayeanika dagaa, au iliendelea kununua viti?

Ndugu wa Mbarali na Iringa, ninyi mna Ruaha Mkuu. Mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima ulianza kukauka wakati wa kiangazi mnamo mwaka 1993, na tangu hapo kukauka huko kumekuwa kukijirudia. Wa juu amefungulia maji shambani kwake, wa chini amekuta mchanga. Zipo jumuiya za watumia maji zilizoundwa ili watu wapangiane zamu. Jumuiya hizo zinahitaji jambo lile lile linalohitajika Makoongwe: mtu anayefunga lango la mfereji wake usiku, wakati hakuna anayemwona, kwa sababu anajua kuna mtu chini ambaye hajamwona.

Hiyo ndiyo swaumu ninayokuomba uitafakari. Kuna kufunga ambako tumbo langu linalia kwa ajili yangu, nipate baraka zangu, mume wangu, kazi yangu. Hakuna ubaya kumwomba Mungu haja zetu. Lakini kuna kufunga kwingine, ambako ninaacha kuchukua ninachoweza kuchukua, ili mwingine ambaye pengine sitamjua akikute. Isaya anasema hapo ndipo nuru yetu itakapopambazuka, na tutakuwa kama bustani iliyotiwa maji (Isaya 58:8, 11).

Basi wiki hii fanya mambo matatu.

La kwanza, mkutano wa kijiji au mtaa ukiitishwa, nenda. Tumezoea kuona mikutano hiyo ni mambo ya dunia, tukawaachia wengine, kisha tukalalamika maamuzi yakiwa mabaya. Chanzo cha maji, msitu wa kijiji, mwalo, machimbo ya mchanga, hayo yote yanaamuliwa pale. Ukifika, tazama nani hayupo. Kama wajane na wanawake wanaochota maji hayo hawapo, simama useme wangojewe.

La pili, kanisa lako lijikague. Kama mna shamba kando ya mto, mmeacha nafasi ya ukingo ambayo sheria na dhamiri vinaitaka? Mkaa wa jikoni kwenye semina unatoka wapi? Hatuwezi kumwambia mvuvi afunge mwamba huku sisi hatujafunga hata bomba.

La tatu, kama kuna makubaliano tayari mahali ulipo, ya kufunga mto, mwamba, malisho au msitu, tafuta nyumba moja inayoumizwa nayo. Usiende na hotuba. Nenda na unga. Mtu akivumilia kwa ajili ya wote, wote wana deni kwake.

Leo, maji yakipwa mbele ya bandari ya Mkoani, mwanamke fulani atasimama ukingoni mwa mwamba na kuangalia shimo analolijua. Kama ni msimu wa kufunga, ataligeuzia mgongo na kurudi nyumbani na kapu jepesi. Hakuna atakayempigia makofi. Lakini Baba aonaye sirini anamwona (Mathayo 6:18), na iko siku kapu hilo linastahili kujaa. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba siku ya kufungua hatutafika kabla yake tukalikomba lote.

Tuombe: Ee Bwana, mwenye bahari na nchi kavu, utufundishe kufunga mikono yetu pale njaa ya jirani inapoanzia. Uwape subira wanaongoja, uwape haki wanaoamua, na siku ya mavuno utukumbushe kukipungia mkono chombo cha pili. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.